Volti Tisa Kitandani mwa Zebedayo

Asubuhi ile Zebedayo Luvanda alipenyeza bakuli lake kwenye dirisha la jiko, akafungua kinywa kuomba uji, na ikatoka sauti ya mzee anayetangaza basi linaloondoka.

“Naomba uji, tafadhali,” ilisema sauti hiyo, nzito na safi, isiyo na haraka wala asili.

Mwiko wa mpishi ulisimama hewani. Nyuma ya Zebedayo, kwenye foleni, alikuwa amesimama rafiki yake Lwitiko Kyando, na Lwitiko akacheka. Alicheka wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kwa sababu katika shule ya bweni ya Milima Saba cheo cha kucheka wa kwanza kilikuwa chake, na alikilinda kwa bidii kuliko alivyowahi kulinda somo lolote. Foleni nzima ikamfuata. Waliokuwa mbali hawakujua kinachochekwa, lakini walicheka pia, wasije wakapitwa.

Zebedayo aliweka bakuli chini na kushika shingo yake. Pale shingoni palikuwa na kikoo, mkanda mweusi wa upana wa kidole, mfano wa ule wanaouvaa watoto wote wa Homa ya Koo, ile homa iliyopita nyanda za juu wakiwa chekechea na kuondoka na sauti zao. Kikoo kilisoma misuli ya shingo kikasema kwa niaba yake. Wakati wa kupewa, kila kikoo kilikuwa na sauti moja tu ya kiwandani, ile ya mtangazaji wa mabasi. Mtoto alikilea mwenyewe. Zebedayo alikuwa amekilea chake tangu darasa la kwanza, akakifundisha kuvuta “eee” kabla ya kujibu swali, akakifundisha kumeza neno la mwisho la sentensi kana kwamba ameliona halina haja. Kufikia kidato cha tatu, hakuna aliyekumbuka kwamba ile sauti ilitoka kwenye mkanda. Ilikuwa ya Zebe, basi.

“Hii siyo sauti yangu,” alisema mtangazaji wa mabasi. “Lwitiko, hii siyo sauti yangu.”

Foleni ilicheka tena, zaidi ya mwanzo, kwa kuwa sauti ile haikujua kuogopa. Ilisema maneno ya hofu kwa utulivu wa mtu anayewaomba abiria wasisahau mizigo. Ila macho ya Zebedayo yalijua kuogopa, na yalikuwa yamemtazama Lwitiko.

Hapo ndipo Lwitiko alipokumbuka bolti. Kicheko kilimkatikia kooni, na uji, aliokuwa akiuwaza tangu alfajiri, ukamtoka kabisa moyoni.

*

Uchunguzi rasmi wa hatia yake aliufanya mwenyewe, akiwa amelala chali chini ya kitanda, wakati wenzake wakiwa gwarideni wakiimba wimbo wa shule.

Kitanda kilikuwa cha chuma, cha ghorofa. Lwitiko alilala chini, Zebedayo juu. Kama vitanda vyote vya shule katika zama zile, chuma chake kilipitisha umeme mdogo wa volti tano, usiomuumiza hata mende, ili mtu akilala taa yake, saa yake au kikoo chake vipate chakula kwa kugusa tu fremu. Na chini ya fremu hiyo, mahali ambapo ufagio wa zamu haukufika, kulikuwa na kazi ya mikono ya Lwitiko.

Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Kipaza sauti kidogo kilichotolewa kwenye redio mbovu, kwa ajili ya kukohoa kikohozi cha makamu mkuu wa shule wakati kiranja wa bweni, Fungameza, anaanza hotuba zake za usafi. Kipaza sauti kilitaka volti tisa. Betri ya pampu ya maji, aliyoiazima bila kuisumbua pampu kwa maelezo, ilitoa kumi na mbili. Kati ya kumi na mbili na tisa kunahitajika regyuleta: kidubwasha chenye miguu mitatu na mgongo wa bati, kinachopokea umeme mwingi na kutoa unaohitajika, na ule unaobaki kikaugeuza kuwa joto.

Joto ndilo lililomponza. Jana yake jioni regyuleta ilikuwa imepata moto kiasi cha kumbabua kidole. Kwenye klabu ya umeme, Mwalimu Chengula, mlezi wao, alikuwa amewafundisha dawa yake: ifunge kwa bolti kwenye chuma kikubwa, chuma kitakunywa joto. Lwitiko alitazama kushoto na kulia akitafuta chuma kikubwa. Alikuwa amekalia kimoja.

Sasa, akiwa chali, aliisoma namba iliyochapwa kwenye regyuleta, kwa mara ya kwanza kwa uangalifu. Ziko regyuleta za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Ile waliyoitumia klabuni siku zote, inayotoa tano, mgongo wake umeungwa na hasi. Unaweza kuufunga popote pasiwe na neno. Hii ya kurekebishwa volti, aliyoichomoa kwenye kabati la klabu kwa mara ya kwanza, mgongo wake ndio mlango wa kutokea umeme. Ukiifunga kwenye chuma, umekipa chuma chote volti tisa. Ndiyo maana inauzwa ndani ya pakiti pamoja na kikaratasi cha maika na kijipete cha plastiki, vya kutenganisha mgongo na chuma. Lwitiko alivikumbuka vizuri. Alidhani ni takataka za kiwandani. Kikaratasi alikuwa amekitumia kusafishia kucha.

Na kwa ukamilifu, kwa sababu alikuwa mwanafunzi msikivu pale asipotakiwa, alikuwa pia ameunganisha hasi ya betri na hasi ya bweni. “Hasi zote ni ndugu,” Mwalimu Chengula alikuwa akiwaambia. Ndugu walikutana, mzunguko ukakamilika.

Saa yake mwenyewe na taa yake hazikudhurika. Vitu vya siku hizi vina ulinzi ndani yake. Kikoo cha Zebedayo kilikuwa cha toleo la kwanza, lililotengenezwa na watu walioamini kwamba kitanda hakiwezi kudanganya. Kilikunywa tisa badala ya tano mpaka kumbukumbu zake zikaungua, na alfajiri kikaamka hakijui ni cha nani.

Lwitiko alifungua bolti. Alificha vyote ndani ya soksi, na soksi ndani ya sanduku. Kisha akaenda darasani, na siku nzima hakumfanyia mtu mzaha, hata walimu wawili wakamuuliza kama anaumwa.

*

Fundi wa vikoo alifika kesho yake baada ya vipindi vya asubuhi. Alikuwa mhandisi Honorina Mhagama, mwanamke mrefu mwenye begi gumu la kijivu na subira ya daktari wa meno. Alifungua meza yake katika maabara ya fizikia, akachomeka waya kwenye kikoo cha Zebedayo, akatazama kioo cha mashine yake, na akaendelea kutazama.

Mwalimu Chengula alisimama kando, ameshika chaki ambayo haikuwa na kazi. Lwitiko aliitwa kwa sababu ndiye jirani wa kitanda, na rafiki. Neno hilo la pili Mwalimu alilisema mbele ya wote, na Lwitiko akaangalia sakafu.

“Kimeingiwa na volti tisa,” mhandisi alisema. “Kitanda hakitoi tisa. Mtu amekilisha kwa kitu kingine. Wewe uko kwenye klabu ya umeme, si ndiyo?”

“Ndiyo, mama,” alisema mtangazaji wa mabasi.

“Ulijaribu kukiongezea nguvu? Wengi hujaribu. Wanataka kisikike uwanjani.”

“Hapana. Sikukichezea.”

Hata mtu asiye na hatia angehukumiwa kwa sauti ile. Ilikanusha kama tangazo, bila kutetemeka mahali panapostahili. Mhandisi alimtazama kwa huruma ya mtu ambaye ameshaamua.

“Mwanangu, sheria siyo yangu. Aliyekichezea mwenyewe hapewi mafunzo mapya ya sauti. Kitabaki na hii ya kiwandani. Utaizoea. Wapo walioizoea.”

Zebedayo alifungua kinywa, akakifunga. Tangu jana alikuwa amejifunza kwamba kuomba kwa sauti ile kunawafanya watu watabasamu.

“Siyo yeye,” Lwitiko alisema.

Alitarajia kwamba maneno hayo yakishatoka atajisikia mwepesi. Mahubiri ya Jumapili yaliahidi hivyo. Hakujisikia mwepesi. Alieleza kipaza sauti, betri, bolti na kikaratasi cha maika, na katika kila kituo cha maelezo yake alisikia jinsi mambo yanavyokuwa madogo. Kikohozi cha makamu mkuu. Kwa ajili ya kikohozi.

Mwalimu Chengula aliweka chaki mezani. “Ulikitupa kile kikaratasi?”

“Nilisafishia kucha, Mwalimu.”

Mwalimu alivua miwani yake akaipangusa kwa muda mrefu, na Lwitiko angependelea mara mia achapwe. Zebedayo hakumgeukia kabisa. Alikuwa akitazama waya uliotoka shingoni mwake kuingia kwenye begi, kana kwamba waya ndio pekee uliobaki upande wake.

“Basi hilo limebadilisha jambo,” mhandisi alisema. “Mafunzo anaruhusiwa. Tatizo ni sauti ya kukifunzia. Sauti yake ya zamani tutaitoa wapi?”

“Si zipo video?” Mwalimu aliuliza. “Mahafali, mashindano ya mdahalo…”

“Vikoo havirekodiki, Mwalimu. Tangu matapeli walipoanza kuiba sauti za watu na kuwapigia ndugu zao, kila kikoo hutoa mlio usiosikika unaofuta rekodi. Mtaona midomo yake, basi. Njia iliyobaki ni koo la mtu. Mtu anayeweza kusema kama yeye, mashine ikamsikiliza. Baba, kaka, yeyote aliyekua akiisikia.”

“Nyumbani hakuna aliye na sauti kama yake,” Mwalimu alisema. Kisha uso wake ukang’aa kwa wazo jema, na Lwitiko aliliona likija akashindwa kulizuia. “Lakini huyu Lwitiko si anaiga? Vijana husema anamuiga Zebedayo hata huwezi kutofautisha.”

Zebedayo aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu Lwitiko aanze kusema.

“Unaniiga?” alisema mtangazaji.

*

“Ngoja nikueleze kabla hatujaanza,” mhandisi alisema, akimvisha Lwitiko kinasa sauti kidogo shingoni. “Mashine hii haijui utani. Inachukua inachopewa. Ikishakichukua, kikoo cha toleo hili kinaganda, hakijifunzi tena kama wakati alipokuwa mtoto. Utakachosema leo ndicho atakachoposea mchumba na ndicho atakachozikia wazazi wake. Umenielewa?”

“Nimeelewa, mama.”

“Anza kwa kujibu swali. Chochote.”

Lwitiko hakuwa na Zebedayo mwingine wa kumtoa zaidi ya yule wa bwenini. Mdomo wake ulimtafuta yule, kama mguu unavyotafuta ngazi gizani. “Eeeeee,” alianza, akiivuta kama ndoo kutoka kisimani, kisha akatia ule mtetemo wa kondoo ambao ulikuwa uvumbuzi wake binafsi na fahari ya Bweni la Kipengere. “Eeeeee, basi mimi naona, kwa maoni yangu mimi, wali ulikuwa… mbichi.” Na lile “mbichi” akalimeza lote, na mate.

Mwalimu Chengula alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakikamata, akageukia ubao na kukohoa.

Zebedayo hakucheka. “Hivyo ndivyo ninavyosikika?”

“Hapana. Hivyo ndivyo ninavyofanya.”

“Wapi?”

“Bwenini. Ukiwa umeenda kuoga.”

“Na wao wanacheka?”

Lwitiko angeweza kusema uongo. Alikuwa nao wa kutosha wa akiba. “Wanacheka.”

“Tangu lini?”

“Tangu kidato cha kwanza, Zebe.”

Sauti ya kiwandani haikuwa na namna ya kuumia, kwa hiyo swali lililofuata lilitoka laini na la adabu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mahali pa kujificha. “Yule kondoo anatoka wapi? Nilikuwa na kondoo mimi?”

“Hukuwa naye. Nilimwongeza.”

“Mtoe.”

Mhandisi alifuta walichokuwa wamerekodi. Lwitiko alianza tena, na mara moja aligundua jambo la aibu kuliko kondoo: akiiondoa kejeli, hajui kinachobaki. Alijaribu “eee” fupi, ikawa ya mtu mwingine. Alijaribu kumeza neno la mwisho, likasikika kama mtu mwenye njaa. Mhandisi alifuta, akafuta tena. Zebedayo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akisema tu “siyo”, “siyo”, kama mtu anayeonyeshwa maiti azitambue.

Hatimaye Lwitiko alifumba macho, akaacha kumtafuta Zebedayo wa kuchekesha. Alimtafuta yule wa siku ya mafua, aliyemsomea Lwitiko sura nzima ya biolojia kutoka kitanda cha juu kwa kuwa Lwitiko alikuwa hawezi kushika kitabu. Siku ile hakuna aliyekuwa akicheka, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kusikiliza; lakini masikio yake, tofauti na yeye, yalikuwa na adabu, na yalikuwa yameisikiliza sauti ile. “Eee,” alisema. “Mzizi hunyonya maji. Umelala, au niendelee?”

Zebedayo aliinua kichwa.

“Hiyo,” alisema.

Wakaendelea. Sauti ya kuuliza ilipatikana. Ya kuomba ilipatikana, ile aliyotumia kuomba sindano na uzi. Ya kufurahi ilichelewa, kisha ikaja. Kila moja ilipoingia, mhandisi aligonga kioo kwa ukucha na kusema “inayofuata”. Lwitiko alikuwa akitokwa na jasho kana kwamba analima. Hakujua kama anachorudisha ni cha Zebedayo au ni kivuli cha Zebedayo kilichopita kwenye kinywa cha mtu mbaya, na alitamani aulize, ila hapakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mwenye sauti.

“Hasira,” mhandisi alisema.

Lwitiko alifikiri. Akafikiri tena. “Hii sina, mama.”

“Huna vipi?”

“Sijawahi kumsikia amekasirika. Hata mimi hajawahi kunikasirikia.”

“Lazima iwepo. Mtu asiye na sauti ya hasira ataonewa mpaka azeeke.”

Zebedayo alinyoosha mkono kwa Mwalimu, akapewa chaki. Alikwenda ubaoni. Hakuandika kwa haraka. Alifuta neno moja kwa kiganja akaweka lingine. Alipomaliza alisogea kando, vumbi jeupe likiwa kwenye mkono wa shati lake. Lwitiko aliyasoma maneno yale kimya.

“Kwa sauti,” mhandisi alisema. “Kama angesema yeye.”

“Lwitiko,” alianza, kwa sauti ya Zebedayo, “ulikuwa unachukua sauti yangu nikiwa sipo…”

“Simama. Hapo unaomba msamaha. Yeye haombi msamaha. Rudia.”

Alirudia. Mara hii aliweka kicheko kidogo mwishoni, bila kukusudia, kama mtu anavyoinua mkono kuzuia kofi. Mhandisi akafuta. Mara ya tatu alilia, na hiyo pia ikafutwa. Ilibidi asimame wima, amtazame Zebedayo usoni, na akubali kwamba kila neno lililoko ubaoni ni la kweli na linamhusu yeye. Ndipo lilipotoka, chini, bila kupaza, jinsi ambavyo mtu mpole hukasirika:

“Lwitiko, ulikuwa unachukua sauti yangu nikiwa sipo, ukawagawia watu wacheke, na nikirudi unanikaribisha nikae. Sasa umeichoma. Usiniite rafiki mbele za watu mpaka nitakapokuita mimi.”

Mhandisi aligonga kioo. “Imeingia,” alisema, na hakusema “inayofuata”.

*

Kikoo kilichukua muda kuganda. Mwalimu Chengula aliutumia muda huo kumweleza Lwitiko kwamba Jumatatu atasimama mbele ya kamati ya nidhamu, na kwamba klabuni asikanyage mpaka aambiwe. Alisema kwa upole. Lwitiko aliitikia “ndiyo, Mwalimu” kila palipotakiwa.

Kisha mhandisi alichomoa waya. “Sema kitu.”

“Eee,” alisema Zebedayo. Akasimama. Akalisema tena, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu ya nyumba iliyowahi kuungua. “Eee. Ahsante, mama. Ahsante, Mwalimu.” Neno la mwisho alilimeza kidogo, sawa kabisa.

Hakumshukuru mtu wa tatu.

Nje, mlangoni, nusu ya Bweni la Kipengere ilikuwa imejazana, Fungameza akiwa mbele, ukiranja wake kausahau. Walimpokea Zebedayo kwa makofi na kumlazimisha aseme majina yao mmoja mmoja, naye akayasema, na kila jina likapigiwa kelele. Kisha mmoja wa wale waliokuwa wakicheka siku zote alimwona Lwitiko akitoka nyuma.

“Lwiti, mwanangu, njoo hapa. Hebu tufanyie yule Zebe wako, tulinganishe nani mkali.”

Wakampisha nafasi katikati, kama kawaida. Zebedayo alikuwa ameshaanza kuondoka. Alisimama, mgongo ukiwa umewaelekea, akangoja.

Lwitiko aliisikia ile sauti iko tayari kooni kwake. Ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote, bila kondoo hata mmoja. Wangezimia kwa kicheko.

“Sina ruhusa,” alisema.

“Ruhusa ya nani?”

“Ya mwenyewe.”

Mmoja alicheka, akidhani mzaha umeanza, akatazama wenzake, akaacha. Zebedayo hakugeuka. Alifunga kifungo cha juu cha kola, juu ya kikoo, akashika njia ya kwenda bwalo la chakula. Lwitiko alibaki mlangoni mwa maabara, kinywa kimefungwa, akimwangalia hadi alipofika mbali kiasi kwamba, hata kama angetaka kumwita, ingembidi apaze sauti.

Hakumwita.